Sauti Ndogo Kwanza: Namna ya Kusikiliza Mashairi ya Okestra Kando ya Ziwa

Mimi ni fundi redio, Kirumba, Mwanza, na spika ya kwanza niliyoichana mwenyewe niliichana kwa sababu ya filimbi mbili.

Nilikuwa nimepata rekodi ya Vltava, kipande cha Bedřich Smetana, mtunzi wa Kicheki, kinachosimulia safari ya mto. Kinaanza na filimbi mbili zinazopokezana kwa sauti ndogo sana. Nikaona sisikii vizuri, nikafungua sauti mpaka karibu na mwisho. Dakika chache baadaye mto ukafika kwenye maporomoko, okestra nzima ikalipuka kwa pamoja, karatasi ya sabufa ikachanika na jirani akagonga ukuta. Kuanzia siku ile nimebadilisha utaratibu wote. Sasa naandaa saa, chumba, simu na spika kwa ajili ya ile sauti ndogo. Ile kubwa haihitaji msaada wa mtu, itafika yenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Shairi la okestra ni kipande kimoja, mara nyingi cha dakika 8 hadi 25, ambamo ala zinachora mahali, hadithi au picha bila mwimbaji. Franz Liszt, mtunzi kutoka Hungaria, ndiye aliyeipa aina hii ya muziki jina lake katika miaka ya 1850, na yeye mwenyewe alitunga 13. Kama umewahi kukaa ukasikiliza bashrafu ya taarabu ya Unguja kabla mwimbaji hajainuka, umeshajua kukaa na ala zenyewe. Fidla unaijua, zumari unaijua. Hapa wapigaji wanaweza kufika 80 au zaidi, na kwa muda mrefu wengi wao wamenyamaza, wanasubiri.

Hatua ya 1: Pata rekodi iliyo kamili

Niliwahi kuuziwa flashi mjini iliyojaa "muziki wa okestra". Kila kipande kilikuwa kimekatwa kwenye dakika ya tatu, na viwili vilikuwa vimebandikwa mdundo wa ngoma za kisasa juu yake. Shairi lililokatwa halina maana. Kwa hiyo kabla ya yote angalia urefu: Vltava nzima inachukua kama dakika 12, Batamaji wa Tuonela ya Sibelius dakika 9 au 10, Kisiwa cha Wafu ya Rachmaninoff dakika 20 hivi. Ukikuta fupi sana kuliko hapo, achana nayo.

Kwenye kutafuta, andika majina kama wenyewe wanavyoyaandika: Smetana Vltava, Sibelius Tuonela, Rachmaninoff Isle of the Dead, Debussy La mer. Jina la Lyadov, mtunzi wa Ziwa la Kichawi, huandikwa pia Liadov, jaribu yote mawili. Kwa Vltava, ningekushauri uanze na rekodi ya kiongozi wa okestra Rafael Kubelík, mzaliwa wa nchi hiyohiyo ya Smetana. Ipo ile ya Mei 1990 mjini Praha, aliporudi nyumbani kuongoza okestra baada ya miaka mingi ya kuishi nje. Kwa Sibelius, rekodi za Herbert von Karajan na okestra ya Berlin za miaka ya 1960 zinapatikana kwa urahisi na zimerekodiwa vizuri.

Pakua, usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Mtandao ukisuasua katikati ya kipande, au tangazo la sabuni likiingia pale fidla zinapofifia, utakuwa umepoteza kazi yote. Bando halitaumia kama unavyodhani. Sauti peke yake katika ubora wa kawaida inakula kama MB 1 kwa dakika, ubora wa juu MB 2 na nusu hivi, na ni video ndiyo inayomaliza bando. Chagua ubora wa juu. Faili lililobanwa sana linavumilika kwenye bongo fleva, lakini kwenye muziki huu fidla za juu zinageuka kuwa kama maji yanayochemka kwenye sufuria ya jirani.

Hatua ya 2: Chagua saa

Mchana Mwanza huwezi. Bodaboda, vipaza sauti, majenereta, halafu kuanzia adhuhuri upepo unatoka ziwani na kutikisa kila bati lililolegea. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda majini, na mara nyingi ziwa hutulia. Mimi hupenda saa tano usiku, Jumanne au Jumatano, baa zikiwa zimepungua watu. Alfajiri nayo ni nzuri ukiwa Nyegezi au Luchelele. Kwetu Kirumba saa hizo mitumbwi ya dagaa inarudi Mwaloni na injini zake zinasikika mpaka kitandani.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Ujumbe wa muamala ukilia katikati ya sauti ndogo, sikio linachukua muda mrefu kurudi lilipokuwa.

Najua wengi mtataka kwenda kusikilizia juu ya mawe, Capri Point au kwingineko, jua likizama. Nendeni, nami huenda. Ila mara ya kwanza kabisa sikilizia ndani, kwa sababu nje utaishia kuangalia ziwa na kuusahau muziki. Na ukienda nje usikae karibu na maji giza likishaingia huku umeziba masikio yote mawili. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na huwa hapigi hodi. Kaa juu, penye watu, ondoka mapema.

Hatua ya 3: Chumba na spika

Nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji, na siku hizi sakafu ni marumaru. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unarudi kama chuma, basi fidla nazo zitarudi hivyohivyo. Mkeka hausaidii sana. Kinachosaidia ni godoro: liegemeze kwenye ukuta ulio nyuma yako, shusha mapazia, piga kofi tena usikie tofauti. Zima feni. Chomoa jokofu kwa nusu saa, samaki hawataharibika. Nimewahi kumtengenezea mteja redio "inayounguruma" siku mbili nzima, kumbe muungurumo ulikuwa wa jokofu lake.

Sabufa ni kifaa kizuri, lakini kama tulivyozoea kuipanga kwenye nyumba zetu inaua muziki huu. Tunaisukuma kona ya ukuta, tunafungua besi mpaka mwisho, halafu zile spika ndogo mbili tunazirundika juu yake zikitazama upande mmoja. Itoe konani. Punguza kitufe cha besi hadi usiweze kusema sauti nzito inatokea wapi. Spika ndogo zitenganishe kama mita 2, ziinue zifike usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na wewe kaa umbali huohuo wa mita 2, ili wewe na spika mfanye pembe tatu. Katika okestra fidla za kwanza hukaa kushoto kwa msikilizaji, na selo na zile besi kubwa za kusimama mara nyingi huwa upande wa kulia. Ukisikia fidla nyembamba zinatoka kulia tu, huenda nyaya zako zimepishana. Zibadilishe.

Huna sabufa? Hedifoni ya kawaida yenye waya, iliyo nzima pande zote mbili, inatosha na kuzidi. Ikiwa upande mmoja umekufa usijaribu, maana nusu ya wapigaji hutawasikia.

Kwenye simu, ikwalaiza ikae katikati, vitufe vyote usawa mmoja. Zima "besi ya ziada". Zima pia kile kipengele cha kusawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo, kwa sababu programu nyingine huvuta sauti ndogo juu na kubonyeza kubwa chini, na mtunzi alizitenganisha kwa makusudi.

Hatua ya 4: Pima sauti kwa kuanzia mwisho

Hili ndilo lingeiokoa spika yangu. Kabla hujaanza, ruka hadi mahali penye kishindo kikubwa kuliko pote. Kwenye Vltava ni yale maporomoko, karibu robo tatu ya kipande. Fungua sauti hapo mpaka ifike kiwango cha juu unachoweza kuvumilia bila kukunja uso wala kumwamsha mtoto. Halafu rudi mwanzo na usiguse kitufe tena.

Mwanzo utausikia mdogo mno, uache hivyohivyo. Kaa kimya dakika 2 bila kucheza kitu chochote, taa ikiwa ndogo au umezima kabisa. Utaanza kusikia mbwa wa mtaa wa tatu, kisha pumzi yako, kisha maji kama uko karibu nayo. Sikio likifika hapo, bonyeza. Filimbi zitasikika vizuri tu.

Hatua ya 5: Mpangilio wa vipande

Anza na Vltava, kwa sababu ina hadithi ya kushika. Filimbi mbili ni chemchemi mbili; klarineti zinajiunga, maji yanaongezeka, halafu fidla na zumari zinaingia na ule wimbo mpana wa mto wenyewe. Tarumbeta za wawindaji zinalia msituni. Kuna harusi ya kijijini ukingoni, utaijua kwa mchezo wake wa polka. Kisha mbalamwezi. Hapa okestra inashuka, fidla zinakwenda juu na kubaki huko, na filimbi zinatiririka chini yake. Kama unaweza, kisikilize usiku wa mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa hawatoki usiku huo, mwanga wa mwezi unashindana na taa zao, kwa hiyo zile taa zinazolifanya ziwa lionekane kama mji wa pili hazipo. Linabaki la fedha, tupu. Baada ya hapo maporomoko, kisha mto unapita chini ya ngome ya Vyšehrad na kutokomea. Usivue hedifoni unapodhani umekwisha, maana yapo mapigo mawili makubwa ya mwisho.

Smetana aliandika yote haya kati ya Novemba na Desemba 1874, wiki chache tu baada ya kupoteza usikivu kabisa. Zile filimbi mbili hakuwahi kuzisikia kwa masikio yake. Kila nikizifikia nalikumbuka hilo.

Cha pili, Ziwa la Kichawi la Anatoly Lyadov, Mrusi, la mwaka 1909. Ni dakika 7 au 8 na halitokei jambo. Fidla zimewekewa kizuizi kidogo kinachopunguza mlio wake, kinubi kinadondosha noti moja moja, na kuna selesta, kinanda kidogo chenye vipande vya chuma vinavyolia kama kengele za mbali. Wengi hulikatia tamaa kwa sababu wanasubiri wimbo uanze. Usisubiri. Mfuate mpigaji mmoja tu, kinubi, toka mwanzo hadi mwisho, na mengine yatapita pembeni. Kwangu mimi hakuna kipande kinachofanana zaidi na ziwa letu saa tano usiku, upepo ukiwa umekufa.

Cha tatu ndicho kizito. Sergei Rachmaninoff aliona mwaka 1907 nakala isiyo na rangi ya mchoro wa Arnold Böcklin: mashua ndogo inakaribia kisiwa cha miamba na miti mirefu myeusi, ndani yake mpiga kasia, na mtu aliyesimama amevaa nguo nyeupe mbele ya jeneza. Mwaka 1909 akamaliza Kisiwa cha Wafu. Baadaye alipouona mchoro wenye rangi alisema kama angeuona huo kwanza huenda asingekiandika kipande hiki.

Mwendo wake una mapigo matano, na hapo ndipo watu hupotea. Mimi nilifundishwa kuusikia na mjomba wangu wa Ukerewe, aliyevua kwa kasia kabla hajapata injini. Nilimwekea bila kumwambia jina la kipande wala hadithi yake. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Baada ya dakika moja hivi niliona mkono wake wa kulia unavuta kidogo, unaachia, unavuta, unaachia kwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Mjomba, huyu anavuta kasia, ila chombo chake kina mzigo." Nikamuuliza amejuaje. Akasema mtumbwi mtupu ukivuta unakwenda sawasawa. Wenye mzigo, kuvuta ni kufupi, kisha unaungoja uteleze.

Basi hesabu hivyo: moja-mbili, moja-mbili-tatu. Moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mara nyingine mtunzi anageuza, tatu zinatangulia mbili. Ukishaushika mwili wako utahesabu wenyewe, na utaacha kutafuta wimbo mkubwa wa kukariri. Mbele zaidi utasikia noti nne zinazorudi mara nyingi, nzito: ni mwanzo wa Dies irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu. Mkatekista mzee wa parokia yako huenda akautambua.

Niseme jambo moja kwa heshima. Wako wengi kwetu wenye ndugu waliokufa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. Kipande hiki ni maji, chombo na jeneza kwa dakika 20. Kama nyumbani kwako kuna msiba huo, usimshtukize mtu nacho. Mwambie kwanza ni nini, achague mwenyewe.

La mer ya Claude Debussy, ya 1905, iache mpaka wiki nyingine. Ni dakika 23 au 24 katika sehemu tatu, mambo ni mengi, na ukiichanganya na hivi vingine kwa usiku mmoja utachoka.

Funga na Batamaji wa Tuonela. Jean Sibelius wa Ufini aliiandika katika miaka ya 1890 akitumia hadithi za Kalevala, utenzi mkubwa wa Wafini. Tuonela ni nchi ya wafu. Inazungukwa na mto mpana wa maji meusi, na juu yake batamaji anaelea akiimba. Ziwani kwetu ndege huyo hayupo. Mimi humfikiria yangeyange anaposimama peke yake penye matete.

Sauti ya ndege ni zumari kubwa, ndefu kuliko ile ya kawaida, ambayo mwisho wake umevimba kama kibuyu kidogo. Ndiyo maana sauti yake ni nzito na imefunikwa kidogo, kama mtu anayeimba akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Hakuna filimbi hata moja katika kipande hiki, wala tarumbeta. Sibelius ameondoa karibu kila kitu kinachong'aa. Mwanzoni sikiliza jinsi sauti inavyopanda kutoka selo chini hadi fidla za juu kabisa, kundi baada ya kundi, kama ukungu unaoinuka majini. Kisha zumari inaanza, na selo moja inaijibu ikipanda. Wimbo hauendi popote kwa haraka, acha uende hivyo.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo wapigaji wa fidla wanatetemesha mti wa upinde juu ya nyuzi badala ya zile nywele zake. Hautakuwa mlio wa fidla tena. Ni mchakacho mkavu, mdogo, kama matete yanayosuguana kabla ya upepo kuanza. Godoro ukutani, feni uliyozima, jokofu ulilochomoa, vyote vilikuwa kwa ajili ya mchakacho huu. Usipousikia mara ya kwanza, usiongeze sauti. Rudi nyuma dakika mbili, tulia, sikiliza tena.

Hatua ya 6: Rudia, kisha linganisha

Kipande kimoja mara tatu kwa wiki ni bora kuliko vipande kumi mara moja. Kuhusu hadithi, sentensi moja kabla ya kusikiliza inatosha. Mengine soma baadaye. Ukishakizoea Kisiwa cha Wafu, tafuta rekodi ya mwaka 1929 ambayo Rachmaninoff mwenyewe anaiongoza okestra ya Philadelphia. Ina mchakacho wa santuri na amekata baadhi ya sehemu, kwa hiyo haifai kuwa ya kwanza, lakini mwendo wa kasia unausikia kutoka mkononi mwa aliyeutunga.

Watoto wasilazimishwe kunyamaza. Wape Vltava na kazi ya kufanya: anayesikia harusi imeanza ainue mkono. Wangu sasa wanagombea.

Ukimaliza hivi vyote kuna Tapiola, kazi kubwa ya mwisho ya Sibelius kwa okestra, ya 1926, dakika 18 za msitu wa kaskazini na mungu wake Tapio, na tufani moja inayokuja kwa kuvuma chini kwa chini kabla haijafika. Mvua ikiwa juu ya bati hutasikia kitu. Subiri ikatike, wakati paa bado linadondosha matone na mtaa mzima hauna umeme. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu, kila ukiona mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, chaji simu mapema.